Karatasi Yenye Watoto Sita

Kwetu Kisumu mtu hazikwi bila karatasi. Familia inaweza kukosa hema, inaweza hata kukosa ng'ombe wa kuchinja, ikasamehewa. Lakini ikikosa programu ya mazishi, ile ya kurasa nane yenye picha ya marehemu akitabasamu mbele na wimbo wa mwisho nyuma, itasemwa mpaka wajukuu waote mvi. Mimi nimechapisha programu nyingi kiasi kwamba zikitandazwa barabarani, mtu angetembea juu yake kutoka hapa hadi Sondu bila kukanyaga lami. Haya, natia chumvi. Hadi Ahero.

Duka langu ni chumba kimoja: kompyuta moja, benchi refu la wateja, na printa mbili ambazo tangu nizinunue hazijawahi kuwa nzima zote siku moja. Kompyuta nilijifunza ukubwani, pamoja na kidato cha nne, katika masomo ya jioni kule Migosi, nikiwa nimebanwa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili. Nilitoka pale na cheti na maumivu ya mgongo, na vyote viwili ninavyo hadi leo.

Zamani programu moja ilikuwa ikinizeesha miaka kumi. Familia inaleta karatasi za daftari, mwandiko kama kuku amepita. Unachapa. Kesho wanarudi: shangazi amesahaulika. Unaongeza shangazi, stima inapotea, shangazi anapotea na stima. Kesho kutwa wanarudi na shangazi mwenyewe, amekasirika. Mara moja nilichapisha nakala mia tatu ambamo mama mzazi wa marehemu aliandikwa kuwa mjane wake. Mjomba mmoja alinifukuza na fimbo hadi sokoni, na naapa kule sokoni kuna watu walionunua nyanya zao huku wakinishangilia.

Mwalimu wetu wa jioni ndiye aliyenionyesha wingu. Alisema kazi yako haikai ndani ya kompyuta yako; inakaa kwenye makompyuta makubwa mbali huko, na hii yako, na simu ya mteja, ni madirisha tu ya kuchungulia. Mimi nilielewa kwa lugha ya jikoni: chungu ni kimoja, kiko kwa mtu mwingine, na kila mmoja wetu ana kijiko kirefu. Unamtumia mteja linki, anafungua, anasahihisha mwenyewe, nawe unaona maneno yakibadilika mbele yako kana kwamba pepo amekaa kwenye kibodi.

Sikuamini kabisa mpaka mwaka ule ziwa lilipopanda. Maji yaliingia dukani hadi magotini, na kompyuta ikanywa mpaka ikafa. Mimi nilikaa barazani kwa binamu yangu, nikafungua simu, na programu niliyokuwa nikiiandaa ilikuwa pale pale nilipoiachia, hadi koma ya mwisho. Tangu siku hiyo nilihubiri wingu kuliko mchungaji anavyohubiri mbingu. Mtoto wa marehemu aliye Qatar anarekebisha majina ya ukoo wakati wa chakula chake cha mchana. Shangazi wa Sondu anaongeza kikundi chake cha kanisa akiwa kwenye foleni ya posho mill, akisubiri unga wake. Mimi nakunywa chai. Duka la kiti kimoja likawa kama ofisi ya Nairobi.

Na uzuri mwingine: wingu lina kumbukumbu. Kila badiliko linawekwa, na saa yake, na aliyelifanya. Ukitaka jinsi kazi ilivyokuwa Jumatano, unarudi Jumatano.

Hapo penye "aliyelifanya" ndipo nilipokosea. Ili wingu limjue mtu, mtu huyo lazima aingie kwa akaunti yake mwenyewe. Lakini jaribu kumwambia mama mfiwa, macho yamevimba, akumbuke barua pepe yake na paswadi aliyofunguliwa na kijana wa kuuza simu miaka minne iliyopita. Nilikuwa nachukua simu ya kila mteja, naingiza akaunti ya duka, namrudishia. Haraka, hakuna kelele. Paswadi ya duka langu ilijulikana na nusu ya Nyanza. Na kila aliyeandika, kila aliyefuta, wingu lilimwita kwa jina moja: duka.

Basi Jumatatu moja ikaja familia iliyompoteza mfanyabiashara wa ng'ombe wa Sondu. Marehemu alikuwa na dala lake, yaani boma lake, kule kando ya ziwa, alipokaa mikayi, mke mkubwa, na alikuwa na nyumba ya kupanga Migosi alipokaa nyachira, yaani mke wa pili. Walikuja wakiongozwa na kaka mkubwa wa marehemu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mtu wa Milimani, wa gari safi na viatu vilivyoogopa vumbi. Mikayi alikaa mwisho huu wa benchi, nyachira mwisho ule. Katikati yao pangeweza kukaa kwaya.

Mzee akawa anasema, mimi nachapa. Kuzaliwa, shule, biashara, ugonjwa. Tukafika kwenye watoto. Akataja sita wa mikayi, wote watu wazima. Halafu akatazama dari.

"Na yule mdogo wa Migosi," akasema. "Andika naye."

Nikaandika. Msichana wa miaka tisa, wa saba kwenye orodha. Mikayi akatoa mlio mdogo kooni, kama mtu aliyemeza mfupa wa omena. Nikaziingiza simu zao tatu kwenye akaunti ya duka, nikawafundisha kufungua linki, wakaenda.

Jumanne nzima nilitazama vita kwenye kioo. Sitadanganya, nilicheka. Neno "mpendwa" lilitoka kwa mke mmoja likaenda kwa mwingine mara kumi na moja kabla ya chakula cha mchana. Picha ya harusi iliingia, ikatoka, ikaingia ikiwa kubwa zaidi. Mtu aliandika kwamba marehemu alipenda sana utulivu wa nyumbani. Mtu mwingine akaongeza "nyumba ipi" na alama ya kuuliza. Nilimwita mwenye kibanda cha jirani, muuza vifaranga, aje aone.

"Yawa!" akasema. "Maiti haijatoka mochari na tayari wanamgawana kwa simu."

Jumatano saa nane nyachira alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba, anashonea watu sare za shule, na uzi ulikuwa bado umekwama kwenye blauzi yake. Akaniomba nimfungulie kwenye kioo kikubwa. Akasoma polepole hadi ukurasa wa tatu, akaweka kidole chini ya jina la mtoto wake bila kugusa kioo.

"Yuko," akasema.

"Yuko, dada. Mbona una hofu?"

"Wewe umezaliwa hapa, unajua. Mtoto akikosa hapa atakosa kila mahali. Siku ya mazishi wanaita watoto kwa karatasi hii. Chifu akiandika ile barua ya mahakama, ya waliobaki nyuma ya marehemu, anafungua karatasi hii hii. Mahari yangu haikuisha kupelekwa. Ng'ombe wawili tu ndio waliofika kwetu. Mimi wanaweza kunikataa. Lakini huyu baba yake alimbeba mabegani soko zima la Sondu likiona."

"Sasa nani atamtoa?"

"Wewe una ile kitu ya kutunza yaliyoandikwa?"

Na mimi, na mdomo wangu huu ambao ungetumiwa kupuliza matairi, nikamwambia: "Dada, hii iko kwa wingu. Hata duka liungue, hata ziwa lije mpaka Kondele, hapa hakipotei kitu. Enda ulale."

Akaniachia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, ikiwa lolote litatokea. Nikaihifadhi kwenye simu yangu mbele yake. Akaenda.

Alhamisi asubuhi mzee wa Milimani akapiga. "Imekamilika. Chapisha mia tatu. Gari itachukua saa kumi."

Nikaanza. Printa iliyokuwa nzima siku hiyo ilikuwa ile ya taratibu, kwa hiyo nilikuwa nakunja huku inatoa. Nilipofika kama nakala ya hamsini jicho langu likaanguka ukurasa wa tatu. Orodha ilikuwa fupi. Nikahesabu watoto: sita.

Nikasimamisha printa. Nikafungua kumbukumbu ya wingu. Jumatano jioni alikuwepo. Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, jina limefutwa. Aliyefuta: duka. Nilikuwa wapi saa mbili na nusu? Nilikuwa nafagia.

Wingu lina kitufe cha kurudisha. Unabonyeza, linakuuliza kama una hakika, unabonyeza tena. Nimefanya hivyo mara elfu, kwa koma tu. Kidole kilikuwa hapo. Lakini kwanza nikampigia mzee.

"Mzee, samahani. Kuna mtoto amepotea ukurasa wa tatu."

Nikasikia mlango wa gari ukifungwa.

"Hajapotea. Chapisha vile iko."

"Lakini Jumatatu wewe mwenyewe ulinitajia..."

"Mama, wewe ni mchapishaji ama wewe ni ukoo? Hayo ni mambo ya familia. Nimekuletea kazi ya kanisa, nimekuletea ya harusi ya binti yangu. Sasa unataka tuanze kubishana juu ya maiti? Saa kumi gari inakuja."

Nikakaa na simu mkononi. Namba ya nyachira ilikuwa pale, jina la tatu kutoka juu. Nilijiambia maneno ya wenye maduka wote duniani: aliyeagiza kazi ndiye mwenye kazi. Nilijiambia labda wamekubaliana. Nilijiambia labda mama mtoto mwenyewe ndiye aliyefuta, maana simu tatu zilikuwa na ufunguo ule. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa matamu. Kisha nikawasha printa. Nakala hamsini zile za kwanza sikuzitupa, kwa sababu zilikuwa sawasawa na zingine.

Kwa kawaida huwa siendi mazishi ya wateja. Ningeenda yote ningekuwa nimezikwa mimi. Yale nilienda. Sijui nilitaka kuona nini. Lile dala lilikuwa karibu na maji kiasi kwamba kaburi lilichimbwa upande wa juu wa boma ili lisijae. Mahema, kwaya tatu, magari ya Milimani yamejipanga hadi kwenye mtama wa jirani. Kila mkono ulikuwa na karatasi yangu, watu wanajipepea nayo.

Mshika kipaza sauti akafika kwenye kuweka mashada. Akafungua ukurasa wa tatu. "Watoto wa marehemu, nikikutaja, uje mbele."

Akataja wa kwanza. Akataja wa pili. Msichana alikuwa amesimama kando ya mama yake, blauzi nyeupe mpya, soksi zimevutwa hadi magotini, ameshika shada dogo la maua ya kushona kwa vitambaa. Bila shaka mama ndiye aliyelishona. Kila jina likitajwa msichana alikuwa akisogea nusu hatua, kama mtoto aliye kwenye foleni ya uji. La tano. La sita. Akasogea hatua nzima.

"Asanteni. Sasa wajukuu."

Msichana akamgeukia mama yake. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Mama, hawajafika kwangu."

"Wanafuata karatasi," mama akasema.

"Kwani mimi niko ukurasa gani?"

Mama yake alichukua lile shada, akalikunja, akalitia kwenye mkoba. Mzee mmoja wa ukoo wa marehemu, jaduong' mwenye fimbo, alianza kusema "Na yule je?" lakini kwaya ilikuwa imeshaanza, na kwaya zetu zikianza hata radi husubiri. Nikaondoka kabla ya udongo.

Wiki mbili zikapita. Siku hiyo nilikuwa nakata kadi za harusi. Nyachira akaingia, akakaa kwenye benchi katikati kabisa, na hakunisalimu.

"Chifu ameshaandika barua," akasema. "Wajane, mmoja. Watoto, sita. Nimeenda kumuuliza, akanionyesha karatasi yako. Wewe uliniambia hakipotei kitu."

"Hakijapotea," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hebu kuja uone."

Nikamfungulia Jumatano. Msichana alikuwa pale, wa saba, jina lake lote na la babu yake. Uso wa yule mama ulibadilika. Nikamchapishia kurasa zote nane, pamoja na ile orodha ya mabadiliko yenye saa. Nikafunga duka. Tukaenda kwa chifu pamoja, na njiani nilimweleza jinsi wingu linavyoshinda wakili yeyote. Niliongea kuliko redio. Sikumwambia lile jambo moja.

Chifu hakuwa mtu mbaya. Alivaa miwani, akasoma kurasa zote, hata wimbo. Mzee wa Milimani alikuwa ameitwa kwa simu, akafika, akakaa akiwa amekunja miguu.

"Huyu mtoto Jumatano yupo, Alhamisi hayupo," chifu akasema. "Nani alimwandika?"

"Mimi nilichapa," nikasema. "Mzee hapa alinitajia."

"Mimi sikumbuki kitu kama hicho," mzee akasema kwa upole. "Nilikuwa na majonzi."

"Hapa pameandikwa nani?"

"Duka," nikasema.

"Na aliyemfuta?"

"Duka. Lakini chifu, hiyo ni akaunti. Simu zao zote tatu zilikuwa na akaunti ya duka. Niliwaingiza mimi, kwa sababu barua pepe zao..."

"Kwa hiyo simu yoyote."

"Yoyote kati ya hizo tatu."

"Na kompyuta yako."

"Na kompyuta yangu."

Chifu akavua miwani. "Mama, mimi nasoma ninachokiona. Ninaona wewe umemzaa na wewe umemuua. Mambo ya simu ya nani, hii karatasi haisemi."

Mzee wa Milimani akacheka kidogo, kwa adabu. Chifu akasema barua imeshapigwa muhuri na kupelekwa. Anayepinga aende akapinge mahakamani huko, na apeleke ushahidi wa mtu, si wa duka. Akaturudishia karatasi.

Tulisimama nje, kwenye ukuta wa ofisi, upande wenye kivuli. Watu wa vitambulisho walikuwa wamepanga foleni hadi kwenye lango. Mimi nilikuwa bado naeleza. Nilisema ningemfungulia kila mteja akaunti yake tangu sasa, hata ikibidi nikeshe naye dukani wiki nzima akikumbuka paswadi. Nilisema wingu lenyewe halina kosa. Ni kweli, halina.

Akanikatiza. "Alhamisi, ulipochapisha. Uliona?"

Nilikuwa na majibu mia. Mimi sijawahi kukosa jibu. Hata kwenye mtihani wa kidato cha nne nilijaza mpaka pembezoni.

"Niliona," nikasema.

"Watoto sita."

"Nilihesabu. Nikampigia mzee. Akaniambia nichapishe vile iko."

"Ulikuwa na namba yangu."

"Nilikuwa nayo."

Nilidhani atanipiga, na kusema kweli ningemshukuru. Mwanamke wa kwenye foleni aligeuka kututazama, akageukia mbele tena. Kisha nyachira akafungua mkoba, akatoa kalamu yake ya kuandikia vipimo vya sare, akageuza programu ya Jumatano upande wa nyuma, kwenye nafasi tupu chini ya wimbo.

"Chifu amesema ushahidi wa mtu," akasema. "Andika."

"Niandike nini?"

"Hayo uliyoniambia sasa. Na jina lako. Na namba ya kitambulisho."

Nilijua kazi ngapi za Milimani zingeondoka na karatasi ile. Nilijua pia ningesomewa maneno yangu mbele ya hakimu, pamoja na lile la kwamba nilihesabu, nikawasha printa. Niliweka karatasi ukutani. Ukuta wa ofisi ya chifu ni wa mawe yasiyopigwa plasta, na kalamu ilikuwa ikitoboa karatasi kila inapofika kwenye shimo. Niliandika kwamba mzee alinitajia watoto saba kwa mdomo wake. Niliandika kwamba niliona sita. Niliandika kwamba nilimpigia, na alivyonijibu. Niliandika kwamba sikumpigia mama wa mtoto. Hakuna nilipotia chumvi.

Alisoma mara mbili, midomo ikitembea.

"Ulimpigia saa ngapi?" akauliza.

Nikatoa simu yangu, nikatafuta Alhamisi ile. Ilikuwa bado imo: namba ya mzee, na chini yake dakika tulizoongea.

"Saa tano kasoro dakika nane."

"Basi andika na saa," akasema, akanirudishia kalamu.